Vioo vitatu na maua ya kitenge

Shangazi yangu aliitazama picha yake kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na dirisha, akaigeuza kidogo ili mwanga uiangukie vizuri, kisha akaniuliza: "Na maua ya kitenge yangu, umeyapeleka wapi?" Siku nilipompiga picha hiyo alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake, hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, amevaa kitenge kipya chenye maua makubwa, nami nilikuwa nimesimama mita mbili mbele yake na kamera ya kukunja ambayo umri wake unanizidi. Usoni pake hapakukosekana kitu: mikunjo ya pembeni mwa macho ilionekana, mshono wa kilemba ulionekana, hata unywele mmoja mweupe uliochomoza chini ya kilemba. Lakini maua yale, kadiri yalivyokaribia kingo za picha, ndivyo yalivyoyeyuka, na yale ya magotini yakawa madoa ya kijivu tu.

Shangazi hakukosea kulalamika, kwa sababu maua aliyanunua kwa fedha yake. Vijana wenzangu wanaopenda kamera za filamu, hata hivyo, waliiona picha hiyo hiyo wakaisifu kwa sababu hiyo hiyo, wakisema kwamba huo ndio uzuri wa lenzi za zamani, kwamba zina ulaini ambao kamera za leo haziwezi kuutoa. Nimekuwa nikisikia maneno hayo mara nyingi, nami sikubaliani nayo. Lenzi niliyotumia haikutengenezwa ili ifute maua. Ilitengenezwa na watu waliotaka picha iwe kali kutoka kona hadi kona, na walifika karibu sana na lengo hilo kwa vioo vitatu tu. Ulaini mwingi tunaousifu ni diafragma, yaani tundu la kupitishia mwanga, iliyofunguliwa kupita kiasi, au ni uchafu, au ni fundi aliyefungua lenzi bila kujua alichokuwa akikigusa. Fundi huyo, katika habari hii, ni mimi.

Kamera yenyewe ni Nettar ya Zeiss Ikon, ya miaka ya 1950, iliyoundwa Stuttgart. Hutumia filamu ya 120 na hutoa picha 12 za mraba, sentimita sita kwa sita. Lenzi yake ni Novar-Anastigmat ya milimita 75 ambayo hufunguka hadi f/4.5 (nambari hii ikiwa ndogo, tundu ni pana), na shata yake, kile kilango kinachouruhusu mwanga uingie kwa muda mfupi, inaitwa Vario na ina kasi tatu tu, yaani 1/25, 1/75 na 1/200 ya sekunde, pamoja na B ya kuiacha wazi kadiri kidole kinavyobonyeza. Haina kipima mwanga wala kipima umbali. Nilipewa na mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha zamani, akaifunua kutoka kwenye kitambaa kilichonuka sabuni, akaielekeza dirishani na kuchungulia ndani ya lenzi kwa jicho moja. Mimi niliona ukungu mtupu. Yeye akasema, "Hii haiko mbaya, mutoto yangu. Iko chafu tu."

Ili nieleze kilichoyapata maua ya shangazi, inanilazimu kurudi nyuma hadi mwaka 1893, katika mji wa York nchini Uingereza, ambako Harold Dennis Taylor alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya T. Cooke & Sons. Kampuni hiyo ilikuwa ya darubini, si ya kamera, na ndiyo maana lenzi aliyoibuni, ya vioo vitatu kama Novar yangu, ingawa inaitwa Cooke Triplet hadi leo, ilikwenda kutengenezwa Leicester na kampuni nyingine, Taylor, Taylor & Hobson. Kwa bahati tu majina yanafanana; hawakuwa ndugu.

Tatizo alilokuwa nalo ni hili. Kioo kimoja cha mbinuko, kama kile cha kukuzia maandishi, hakichori picha yake juu ya uso ulionyooka. Huichora kana kwamba iko ndani ya bakuli, kwa hiyo ukiitega filamu iliyonyooka, katikati patakuwa pakali na pembeni patafifia, au kinyume chake. Kuna njia ya mkato, nayo ni kuikunja filamu yenyewe: Agfa Clack, kamera ya bei nafuu iliyouzwa sana katika miaka ya 1950, ina lenzi sahili sana, na nyuma yake filamu hupita juu ya njia iliyopinda ili ilifuate lile bakuli. Nimeipenda akili hiyo. Lakini haifai kwa kamera ya kukunja wala kwa mtu anayetaka kufungua diafragma kwa upana.

Njia ndefu ni kuongeza kioo cha mbonyeo, yaani kilichobonyea katikati, ambacho hulinyoosha bakuli. Hapo linazuka tatizo jingine, kwa sababu ukikibandika kioo cha mbonyeo juu ya kioo cha mbinuko chenye nguvu sawa, nguvu zao zinafutana na mwanga unapita kama kwamba umepita kwenye kioo cha dirisha; hakuna picha. Ujanja wa Taylor ulikuwa kuvitenganisha kwa hewa. Miale inapotoka kwenye kioo cha mbinuko huwa tayari inakusanyika, kwa hiyo inapofika kwenye cha mbonyeo inakipita karibu zaidi na katikati yake, mahali ambapo kioo hicho huikengeusha kidogo tu. Kwa hiyo nguvu ya kukusanya inabaki na ushindi, na picha inatokea. Lakini katika hesabu ya kulinyoosha bakuli, vioo hivyo viwili huhesabiwa sawa popote vilipo, viwe vimegusana au vimeachana. Bakuli linanyooka na picha haipotei. Baada ya hapo alikigawa kioo cha mbinuko mara mbili, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kile cha mbonyeo katikati, ili kasoro za upande mmoja zifutwe na za upande wa pili; vya nje vikawa vya kioo cha krauni na cha katikati cha kioo cha flinti, aina mbili zinazozitawanya rangi kwa viwango tofauti, ili rangi zisiachane njiani.

Nimelieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu moja. Watu husema lenzi ya namna hii ina vioo vitatu. Mimi, baada ya kuifungua na kuifunga, husema ina vitu vitano: vioo vitatu na nafasi mbili za hewa, na zile nafasi za hewa zina kazi sawa na vioo. Ukizibadilisha kwa kiasi cha unene wa ukucha, umeibadilisha lenzi.

Sasa, katika kamera kama yangu, unapozungusha pete ya umbali hausogezi lenzi nzima. Unasogeza kioo cha mbele peke yake. Watengenezaji walichagua njia hiyo kwa sababu ni rahisi na nyepesi, na kwa mandhari ya mbali haidhuru kitu. Lakini ukimlenga mtu aliyeketi mita mbili mbele yako, kioo cha mbele kimetoka nje, nafasi ya kwanza ya hewa imepanuka, na mizani ya Taylor imelegea. Ukiongeza juu yake diafragma iliyo wazi kabisa, f/4.5, kama nilivyofanya mimi siku ile kwa kuogopa kivuli cha mlangoni, katikati patabaki pazuri lakini kingo zitaachia. Huko ndiko maua ya shangazi yalikokwenda.

Nilirudi kwake baada ya wiki kadhaa, mlango ule ule, kitenge kile kile. Safari hii nilitia filamu ya ISO 400, iliyo nyepesi kuupokea mwanga, nikasogea nyuma hadi mita tatu, nikafunga diafragma hadi f/11, nikaweka kasi ya 1/75, kamera nikaiegemeza juu ya kiti kilichopandishwa juu ya kiti kingine. Alipopewa picha aliyahesabu maua kwa kidole, moja moja, mpaka yale ya pindoni. Yote yalikuwapo. Kisha akaniambia kwamba sasa nimemwongezea miaka.

Kati ya picha hizo mbili, hata hivyo, kuna usiku mmoja ambao siusahau, nao ndio uliotangulia picha ya pili. Bukavu ni mji wa unyevu. Mvua hutunyeshea kuanzia Septemba hadi Mei, Ziwa Kivu liko chini yetu, na lenzi inayofungiwa kabatini katika hali hiyo huota kuvu ndani yake kama mkate. Novar yangu ilikuwa na utando mwembamba wa ukungu kwenye kioo cha katikati na nyuzi za kuvu, kama mizizi midogo sana, nyuma ya kioo cha mbele. Nililegeza skrubu tatu ndogo zinazoshika pete ya umbali, nikaitoa pete, nikakizungusha kioo cha mbele katika hesi zake, kwa kukipapasa kwanza na spiriti maana grisi ilikuwa imekauka kama nta, mpaka kikatoka. Furaha ya kukiona kimetoka ilinisahaulisha jambo moja, nalo ni kuweka alama ya mahali kilipoachia. Nilivifuta vioo kwa pamba na spiriti, nikauona ukungu ukiondoka wote na kuvu ikiondoka karibu yote, isipokuwa alama hafifu ilizozila kwenye utando wa kiwandani unaofunika kioo, ambazo hazitatoka kamwe wala hazionekani pichani. Kisha nikakirudisha kioo cha mbele, na hapo nikagundua kwamba naweza kukizungusha popote nipendapo, na hakuna kitu kinachoniambia umbali usio na mwisho uko wapi, yaani mahali ambapo vitu vya mbali sana huwa vikali.

(Kwa Kiswahili chetu tunasema kusafisha lenzi, na tunasema pia kusafisha filamu, tukimaanisha kuitia katika dawa ili picha itoke. Kwa muda wa mwezi mmoja nilikuwa nikisafisha vyote viwili, na mke wangu akauliza kwa nini picha hazitoki na mimi nasafisha kila siku.)

Dawa ya kosa langu inajulikana kwa mafundi. Nilifungua mgongo wa kamera, nikabandika karatasi ya kalka, ile inayopitisha mwanga, juu ya reli mbili ambazo filamu hupita, nikaivuta mpaka ikakaza kama ngozi ya ngoma, nikafungua diafragma yote, nikaweka shata kwenye B na kuishikilia kwa ule waya wa kubonyezea wenye skrubu ya kufungia. Picha ya dunia iliyogeuzwa juu chini ikatokea juu ya karatasi. Kwa ajili ya kuikuza nilitumia lenzi ya milimita 50 ya kamera nyingine, nikiishika kinyumenyume jichoni. Kilichobaki ni kutafuta kitu cha mbali sana chenye nukta moja ya mwanga, na usiku, kutoka kwenye baraza inayolitazama ziwa, hakuna kitu rahisi kuliko hicho.

Niliichagua taa moja iliyong'aa kuliko nyingine zote. Nilikizungusha kioo cha mbele taratibu, nukta ikapungua, ikapungua, ikawa kama ncha ya sindano, kisha nilipozidisha ikaanza kuvimba tena, kwa hiyo nikarudi nyuma kidogo. Nilipoinua jicho kuifuta jasho na kulirudisha, nukta haikuwapo pale nilipoiacha. Niliikuta nusu sentimita kushoto. Nikakaza kamera juu ya meza, nikaanza upya, ikasogea tena. Nilishuku meza, nikashuku karatasi, nikaanza kushuku macho yangu, mpaka niliposikia kwa mbali watu wakiimba juu ya maji ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nikiipima lenzi kwa taa ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wavuvi ambao huwasha taa usiku ili wawavute samaki, na ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kutulia mahali pamoja kwa ajili yangu. Kwa umbali waliokuwapo kipimo kisingeharibika, kwa kuwa kwa lenzi ya milimita 75 taa iliyo mita mia nyingi mbele ni sawa na nyota. Kilichoharibika ni subira yangu. Nikazihamia taa za ng'ambo, upande wa Rwanda, ambazo zimejengwa juu ya vilima na hazivui samaki. Dakika kumi baadaye skrubu tatu zilikuwa zimekazwa, alama ya umbali usio na mwisho ikiwa mahali pake.

Tofauti ya negativu za kabla na za baada ilinishangaza, ingawa mzee alikuwa ameniambia mapema. Kabla ya hapo vivuli vyote vilikuwa vya kijivu, kana kwamba kuna mtu aliyepulizia moshi mbele ya kamera. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa, ukiwa mtupu bila utando wa kupunguza mwanga unaorudi, huurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga. Lenzi ya vioo vitatu vilivyoachana ina nyuso sita za namna hiyo, kwa hiyo katika vioo vitupu takriban asilimia 78 tu hufika upande wa pili. Na ule unaorudishwa haupotei wote, bali sehemu yake huzunguka ndani ya kamera na kuiangukia filamu mahali usipotakiwa. Ndiyo sababu wabunifu wa zamani walizihesabu nyuso kama mtu anayehesabu akiba yake. Paul Rudolph wa Zeiss alibuni Planar mwaka 1896, lenzi ya vioo sita na nyuso nane za kukutana na hewa, nzuri kwa hesabu, lakini ilibidi isubiri miongo mingi kabla haijapata nafasi yake. Mwaka 1902 akaja na Tessar, vioo vinne vyenye nyuso sita tu kama Triplet, kwa kuwa viwili vya nyuma vimegandishwa pamoja. Wengi husema Tessar ni Triplet iliyoongezwa kioo. Kwa mchoro zinafanana, ila Rudolph alifika huko kwa njia yake mwenyewe, akiunganisha nusu mbili za lenzi zake za awali. Zeiss waliitangaza kama jicho la tai la kamera yako. Nimewahi kuazima kamera yenye Tessar: kwenye f/4.5 inaipita Novar yangu waziwazi katika kingo, na kwenye f/11 ningehitaji kukuza negativu kupita kawaida ndipo nizitofautishe.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Taylor yuyo huyo aliona, katika miaka ya 1890, kuwa baadhi ya lenzi kuukuu zilizochujuka uso zinapitisha mwanga mwingi kuliko mpya. Uchakavu ule ulikuwa utando. Utando wa makusudi ulikuja baadaye, mwaka 1935, kwa kazi ya Olexander Smakula katika Zeiss, na ule wa rangi ya samawati ulio kwenye Novar yangu ni mjukuu wake. Ni safu moja tu, si safu nyingi kama za lenzi za leo, kwa hiyo bado inahitaji adabu mbele ya jua.

Na jua la hapa lina tabia yake. Asubuhi huchomoza upande wa Rwanda, ng'ambo ya ziwa, maana yake ni kwamba kila ukiyageukia maji unaligeukia jua pia. Kofia ya lenzi, ambayo mimi nimeitengeneza kwa karatasi nyeusi ya boksi, hulizuia jua lililo juu. Hailizuii jua la pili lililolala juu ya maji, linalokuja kutoka chini, na huo ndio mwanga ulioniharibia picha nyingi kuliko mwingine wowote. Siku hizi ama nasubiri jua lipande, ama nasimama mahali ambapo rasi moja inakificha kile kipande cha maji kinachowaka. Juni na Julai, wakati wa kiangazi, ziwa lote hufunikwa na ukungu mweupe, na hapo ni bora kugeuka nyuma na kupiga yale majengo ya enzi ya Wabelgiji yenye mistari mirefu iliyonyooka, kwa sababu Novar huiacha mistari ikiwa imenyooka kweli. Huwa naomba ruhusa kwanza kwa mwenye nyumba na kwa askari aliye karibu kama yupo. Kamera ya kukunja huwachekesha watu kabla haijawatia shaka, na hilo limenisaidia.

Kwa matembezi ya kawaida sipimi kitu. Kwenye pete ya umbali na kwenye kipimo cha diafragma watengenezaji waliweka nukta nyekundu, moja kila upande, kwa mtu asiyetaka kufikiri. Mimi naweka mita 10 na f/11, na kila kitu kutoka mita tano hivi hadi milimani kinakuwa kikali. Kwa filamu ya ISO 100 na jua kamili, f/11 inadai 1/200, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa ya shata yangu. Sidhani kama ni bahati.

Wiki iliyopita nilishuka ufukweni alfajiri wavuvi wakirudi. Boti zao ni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na mbele na nyuma huchomoza miti mirefu myembamba ya kushikia wavu, mirefu kiasi kwamba hukata picha nzima kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Hakuna karatasi ya kupimia lenzi inayoishinda boti hiyo. Niliwaomba, wakakubali, mmoja akaniuliza kama kamera hiyo inatoa sauti. Nilipiga kwa f/11, jua likiwa nyuma ya wingu.

Negativu imekauka jana. Katikati, fundo za kamba zinahesabika. Kushoto, ncha za miti ni kali mpaka mwisho. Kulia, kuanzia kama robo ya mwisho ya picha, ncha zimekuwa nene kidogo, si sana, shangazi asingeziona. Hiyo maana yake ni kwamba kimoja kati ya vioo vitatu kimekaa kwa kuinama, na namshuku yule wa mbele, ambaye nilimkaza usiku nikiwa na haraka ya kulala. Sitaifungua sasa na unyevu huu. Nitangoja kiangazi, na penseli ya kuwekea alama tayari nimeifunga kwa mpira kwenye kasha la kamera.